Sayyid Barghash bin Said: Dola Ndogo na Rafiki Mmoja

Utangulizi

Miongoni mwa watawala wa Afrika Mashariki katika karne ya kumi na tisa, ni wachache waliolazimika kuilinda dola kwa ulimi na kalamu kama alivyofanya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888. Alirithi dola ambayo bendera yake ilipepea kutoka Mogadishu upande wa kaskazini hadi Ghuba ya Tungi upande wa kusini, lakini hakuwa na jeshi wala manowari za kutosha kuilinda hata sehemu ndogo ya pwani hiyo. Aghalabu hukumbukwa kwa majumba aliyoyajenga, hasa Beit al-Ajaib, na kwa maji ya chemchemi aliyoyaleta mjini Unguja kwa mabomba. Hata hivyo, maisha yake yana funzo zito kuliko la majumba. Ni maisha ya kiongozi wa dola ndogo aliyejaribu kuishi baina ya madola makubwa kwa kumtegemea rafiki mmoja, kisha akamwona rafiki huyo akishiriki kuigawa nchi yake mezani. Mkenya hawezi kuyapuuza maisha haya, kwani mpaka unaotenganisha Kenya na Tanzania leo, pamoja na hadhi ya pekee ambayo ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa nayo hadi mwaka wa 1963, ni matokeo ya kadhia zilizomkumba Barghash katika miaka yake ya mwisho.

Nasaba, Njama na Uhamisho

Barghash alizaliwa Unguja mnamo mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar, na mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Katika jamaa ile, kuzaliwa na suria hakukumnyima mtoto haki ya kutawala. Isitoshe, hapakuwa na kanuni iliyomtengea kiti mwana wa kwanza. Aliyekubaliwa na wakuu na aliyekuwa na nguvu za kukitwaa kiti ndiye aliyekikalia. Utaratibu huu ulifanya kila kifo cha mtawala kuwa mlango wa fitina, na kila fitina kuwa mlango wa wageni.

Sayyid Said aliacha urithi mwingine usioonekana kwa macho, nao ni mikataba. Alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka wa 1833, na Uingereza mwaka wa 1839, na Ufaransa mwaka wa 1844. Kwa mikataba hiyo Zanzibar ilitambuliwa na madola makubwa kama dola yenye mtawala halali, jambo ambalo tawala nyingi za Afrika hazikulipata. Mabalozi wadogo wa mataifa hayo waliishi Unguja, wakala karamu za Idi katika jumba la mtawala, na wakaandikia nyumbani kwao kila walichokiona.

Sayyid Said alipofariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, Barghash alikuwa pamoja naye merikebuni. Husimuliwa kuwa alijaribu kuuzika mwili wa baba yake kwa siri usiku na kukitwaa kiti kabla habari hazijaenea. Jaribio hilo lilishindikana na nduguye Majid akatawazwa. Mwaka wa 1859 Barghash alijaribu tena, safari hii akiungwa mkono na ukoo wa al-Harthi na baadhi ya dada zake. Mmoja wao alikuwa Salme, binti kijana aliyejua kuandika, ambaye aliitumia kalamu yake katika barua za waasi. Majid peke yake hakuwa na nguvu za kuuzima uasi huo. Uliozimwa na mabaharia na mizinga ya Waingereza, kwa ushawishi wa balozi wao Rigby, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, ambako aliishi kwa takribani miaka miwili.

Bombay ilikuwa shule. Huko Barghash aliiona dola ya Waingereza kutoka ndani: bandari zake, viwanda vyake, na jinsi ilivyowatawala wafalme wa Kihindi kwa kuwaachia mataji na kuwanyang'anya maamuzi. Wakati huohuo mambo mawili ya kisheria yalitokea ambayo yangetawala maisha yake. Mwaka wa 1861 Gavana Mkuu wa India, Canning, alitoa uamuzi wa kuzitenganisha Oman na Zanzibar, na kuitaka Zanzibar ilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Mwezi wa Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa watawala wa nchi hizo mbili. Tamko hilo lilikuwa ngao ya Zanzibar. Ila ilikuwa ngao iliyoshikwa na mikono ya watu wengine.

Mkataba wa 1873

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akatawazwa. Aliingia akiungwa mkono na masheikh wa Kiibadhi waliotaka utawala ulioshika dini na usioelekezwa na wageni. Mwanzoni alijaribu kujitenga na ubalozi wa Uingereza. Lakini alimkuta huko John Kirk, daktari na mwanabotania aliyewahi kusafiri na David Livingstone katika bonde la Zambezi, mtu aliyeijua pwani na aliyekuwa na subira ya mvuvi. Uhusiano wa wawili hawa, uliodumu hadi mwaka wa 1886, ndio mhimili wa diplomasia yote ya Barghash.

Mwaka wa 1872 ulianza kwa balaa. Mwezi wa Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi na kuzamisha vyombo bandarini, zikiwemo meli za Sultani mwenyewe. Kabla nchi haijapona, mwezi wa Januari 1873 aliwasili mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, akiwa na manowari na rasimu ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mikataba ya awali ya mwaka wa 1822 na 1845 ilikuwa imeibana biashara hiyo lakini haikuikata, kwani kuwasafirisha watumwa baina ya bandari za Afrika za Sultani kulikuwa bado halali.

Hapa pana jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulitazama bila kupepesa macho. Utajiri wa Zanzibar ulijengwa juu ya migongo ya watumwa. Wao ndio waliochuma karafuu Unguja na Pemba, wao ndio waliolima mashamba ya nafaka ya Malindi, na ushuru uliotozwa kwa kila kichwa kilichopita forodhani uliingia katika hazina. Waliotolewa katika nchi za Wayao, Wanyasa na wengineo hawakuwa na balozi Unguja wala mkataba wa kuwalinda. Kwa hiyo Barghash alipoutetea uhuru wa dola yake mbele ya Frere, aliutetea pia uhuru wa kuwauza watu wengine. Udhaifu wake mkubwa katika diplomasia ulikuwa hapa. Uingereza ilikuwa na maslahi yake katika Bahari ya Hindi, lakini kwa suala hili ilikuwa na hoja ya haki, na hoja ya haki mkononi mwa mwenye manowari ni silaha isiyo na kinga.

Barghash alifanya yale ambayo wanyonge hufanya. Aliomba muda. Alieleza hasara ya kimbunga. Aliwatanguliza wakuu wa Kiarabu na masheikh kama watu ambao hangeweza kuwapinga. Alimwendea pia balozi wa Ufaransa, akitumaini kuwa wivu wa madola mawili ungempa nafasi ya kupumua. Lakini Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kushindwa vitani na Prussia, na haikuwa tayari kugombana na Uingereza kwa ajili ya Zanzibar. Frere aliondoka mwezi wa Machi bila saini. Mapema mwezi wa Juni Kirk alipokea amri kutoka London ya kumjulisha Sultani kwamba asipotia saini, kisiwa kingezingirwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Mahali pake baadaye palijengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, yule ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake za sarufi na tafsiri.

Rafiki Aliyefaa kwa Dhiki

Baada ya mkataba huo Barghash alibadilisha mwelekeo. Maadamu Uingereza haikuweza kupingwa, aliamua kuifanya kuwa rafiki, na rafiki huyo alionyesha faida yake mapema. Mwezi wa Januari 1875 akida wa Mombasa, Muhammad bin Abdallah, aliasi na kujifungia ndani ya Ngome ya Yesu. Manowari za Uingereza ndizo zilizoipiga ngome hiyo kwa mizinga hadi muasi akasalimu amri, na bendera ya Sultani ikarudishwa. Mji ulirejea mkononi mwa Barghash, lakini kila aliyekuwa Mombasa siku hiyo aliona mizinga iliyourejesha ilikuwa ya nani.

Mwaka huohuo, Barghash alizuru Uingereza kwa mwaliko wa serikali yake. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na bandarini, kisha akapitia Paris na Misri akirejea nyumbani. Safari hiyo ilisimuliwa katika kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa na katibu wake, Zahir bin Said. Mengi kati ya yale aliyoyafanya baadaye, kama vile meli za moshi, mabomba ya maji na matbaa ya vitabu, yanaonyesha kuwa alisafiri akiwa macho. Lakini safari hiyo ilikuwa na kivuli chake. Dada yake Salme alikuwa ametoroka Unguja mwaka wa 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa na kuitwa Emily, kisha akabaki mjane Ujerumani. Alikwenda London akitumaini kusuluhishwa na kaka yake. Waingereza, ambao hawakutaka mgeni wao audhike, walimzuia. Binti aliyeiandikia njama ya mwaka wa 1859 aliondoka bila kumwona aliyemwandikia. Miaka kumi baadaye mlango huo uliofungwa ungegongwa tena, na mgongaji hangekuwa peke yake.

Sultani alikuwa ndiyo kwanza amerudi wakati majeshi ya Khedive Ismail wa Misri, yakiongozwa na McKillop, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Khedive, yalipotua katika pwani ya Wasomali na kuiteka Barawa na Kismayu. Barghash hakuwa na uwezo wa kuyatoa. Alilalamika kwa London, London ikaibana Cairo, na mwanzoni mwa mwaka wa 1876 Wamisri wakaondoka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika kadhia hii Uingereza ilifaa. Malipo yalifuata upesi. Aprili 1876 Barghash alitoa matangazo mawili ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, hatua iliyokwenda mbali zaidi ya mkataba wa 1873 na kuzua upinzani pwani, hasa Kilwa. Mwaka wa 1877 Luteni Lloyd Mathews wa manowari ya Uingereza alianza kumfundishia jeshi la kisasa. Sultani alizidi kupata nguvu juu ya raia wake, na alizidi kuzipata kwa mkono wa mgeni.

Katika miaka ya 1877 na 1878 Barghash alikuwa tayari kwenda mbali zaidi. Alijadiliana na William Mackinnon, mwenye kampuni ya meli, juu ya kumkodisha utawala na forodha za bara kwa miaka 70. Alitarajia kuwa mtaji wa Kiingereza ukishatia mizizi bara, hakuna dola nyingine ambayo ingethubutu kuligusa. Mazungumzo hayo yalivunjika. Serikali ya Uingereza haikutaka kubeba dhamana, kwa kuwa wakati huo ilipata kila ilichokihitaji Unguja kupitia kwa Kirk bila kulipa gharama ya kutawala.

Zumari ya Unguja

Miaka iliyofuata ilionekana kuwa ya neema. Waya wa simu ya maandishi ulifika Unguja mwaka wa 1879, na Beit al-Ajaib ikakamilika mwaka wa 1883. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Tabora na Ujiji hadi Kongo ya mashariki, na lugha ya Kiswahili ikapita nayo. Kulikuwa na msemo kwamba zumari ikipigwa Unguja huchezwa na watu wa bara. Msemo huo ulikuwa wa kweli kwa biashara na kwa lugha. Katika utawala, kucheza kwa zumari ya mtu si sawa na kutawaliwa naye. Sultani alikuwa na magavana na mawakala katika vituo vichache vya misafara. Hakuwa na mipaka iliyopimwa, wala askari wa kutosha, wala mikataba na wakuu wa makabila mengi yaliyokuwa kando ya njia.

Udhaifu huo haukumdhuru hadi kanuni za mchezo zilipobadilika. Mwezi wa Novemba 1884 madola ya Ulaya yalikutana Berlin kuzungumzia Afrika, na Zanzibar haikuwa na mjumbe. Mwezi huohuo kijana wa Kijerumani, Karl Peters, alifika Unguja na wenzake wachache, akavuka bara, na kwa wiki chache akakusanya alama za wakuu wa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata Kaisari Wilhelm I alitoa waraka wa himaya juu ya nchi hizo.

Barghash alipata habari hizo rasmi mwezi wa Aprili. Alimpelekea Kaisari malalamiko kwa simu, akishikilia kuwa nchi hizo zilikuwa zake na kwamba wakuu waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Alimtuma Mathews na askari hadi Kilimanjaro, ambako wakuu wa Wachaga akiwemo Rindi wa Moshi waliikubali bendera ya Sultani. Alipeleka askari kuelekea Witu pia, ambako Ahmed Simba, Mnabahani aliyekuwa na uhasama wa miaka mingi na Unguja, alikuwa amejiweka chini ya himaya ya Ujerumani kupitia kwa ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt. Kila hatua hapa ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni mpya za Ulaya, yaani bendera, mkataba na askari. Kasoro yake ilikuwa moja tu: zilikuja baada ya Wajerumani kutangulia.

Zaidi ya yote Barghash alimgeukia rafiki yake. Lakini mwaka wa 1885 Uingereza ilikuwa taabani. Jenerali Gordon alikuwa ameuawa Khartoum mwezi wa Januari, mzozo na Urusi mpakani mwa Afghanistan ulikaribia vita, na kuhusu Misri London ilimhitaji Bismarck. Ikilinganishwa na mambo hayo, Zanzibar ilikuwa nyepesi. Kirk, ambaye kwa miaka mingi alimhakikishia Sultani kuwa heri yake iko kwa Uingereza, aliagizwa sasa amshauri akubali.

Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani. Pamoja na kikosi hicho alikuja Emily Ruete na watoto wake. Bismarck alikuwa ameyafanya madai yake ya urithi kuwa kisingizio cha ziada, kwani mtoto wa kiume wa dada yake Sultani alikuwa raia wa Ujerumani na dhara lolote juu yake lingekuwa sababu ya mizinga. Barghash alipewa makataa ya kuyaondoa malalamiko yake dhidi ya himaya za Wajerumani. Akayaondoa. Baada ya hapo Salme hakuwa na kazi tena kwa Bismarck, naye hakupata urithi alioufuata. Siasa za madola zilikuwa zimemtumia kama zilivyomtumia kaka yake, na wawili hao hawakupatana hadi kifo kikawatenganisha.

Kipimo cha Maili Kumi

Kilichofuata kilifanywa kwa utaratibu na adabu zote za kidiplomasia. Iliundwa tume ya kuchunguza ni wapi hasa Sultani alitawala. Wajumbe wake walitoka Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, na wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule ambaye baadaye angepata umaarufu Sudan. Mwenye nchi hakuwa na kura katika tume ya kuipima nchi yake. Kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwezi wa Novemba 1886, Sultani aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka mpaka wa Wareno hadi Kipini, na miji kadhaa ya pwani ya Wasomali ikiwemo Kismayu na Mogadishu. Nchi iliyobaki nyuma ya ukanda huo iligawanywa kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, hadi Ziwa Viktoria. Kaskazini ya mstari ilikuwa ya Waingereza, kusini ya Wajerumani. Ufaransa, mshirika wa tamko la mwaka wa 1862, iliridhia ikiachiwa Komoro. Mwezi wa Desemba Barghash aliukubali mgao huo.

Kirk alikuwa ameondoka Unguja miezi michache kabla. Katika mwaka huo wa 1886, mfanyabiashara mashuhuri Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alirejea Unguja kutoka Kongo. Anasimulia katika tawasifu yake, ambayo ni miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili, kwamba alimkuta Sultani amelikatia bara tamaa, akiona kuwa watu wanaotaka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe hawawezi kumwachia bara. Mtawala aliyeulinda msafara wake kwa miaka mingi hakuwa tena na la kumwahidi.

Mapema mwaka wa 1887 Wareno, baada ya kuona kuwa mnyonge hana mtetezi, waliitwaa Tungi kwa mizinga. Tarehe 24 Mei mwaka huo Barghash aliikodishia jumuiya ya Mackinnon ukanda wa pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Lile aliloliomba mwaka wa 1877 likakataliwa, sasa alilitoa akiwa hana la kuchagua. Afya yake ilikuwa imekwisha. Alisafiri hadi Oman akitafuta tiba, akarudi akiwa mahututi, na mwezi wa Machi 1888 akafariki Unguja muda mfupi baada ya kuwasili. Nduguye Khalifa alitawazwa na mwezi uliofuata akaikodishia kampuni ya Wajerumani pwani ya kusini ya Umba.

Tathmini na Hitimisho

Ni rahisi kumhukumu Barghash kuwa alidanganyika. Ukweli ni kwamba aliyaelewa mambo mapema kuliko wengi. Alitumia karibu kila chombo cha diplomasia kilichokuwapo: ucheleweshaji, rufani, ziara, simu ya malalamiko, na kushindanisha maslahi. Wala haitoshi kusema kuwa angetafuta marafiki wengine. Ufaransa alijaribu ikakwepa. Marekani ilitaka pembe za ndovu na soko la nguo zake, si ugomvi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini huyu hakuwa na ndugu wengi wa kuchagua.

Pengo kubwa lilikuwa nyumbani. Dola isiyo na manowari inaweza tu kujikinga kwa watu wake, na Barghash hakuwa na watu wa kuwaita. Watumwa wa mashambani hawakuwa na sababu ya kumfia. Mombasa ilikuwa imetiishwa kwa mizinga ya kigeni kwa niaba yake. Witu ilimwona kuwa adui kuliko Mjerumani. Wakuu wa bara walikuwa washirika wa biashara, na aliyefika kwao na karatasi walimpokea kama walivyompokea aliyefika na bendera. Kwamba pwani ilikuwa na nguvu ilidhihirika miezi michache tu baada ya kifo chake. Mwezi wa Agosti 1888 Abushiri huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani waliongoza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani, vita alivyovitungia utenzi Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Nguvu hizo zilijitokeza bila Sultani, na kwa kiasi fulani kwa hasira juu ya sultani aliyeikodisha nchi. Katika miaka yote ya mazungumzo ya Unguja na London hazikuwahi kuwekwa mezani.

Mwaka wa 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka wa 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alijaribu kukitwaa kiti bila idhini ya balozi. Tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zililipiga jumba kwa muda usiofikia saa moja na kuizamisha bandarini Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa Uingereza katika enzi ya baba yake. Ukanda wa maili kumi uliendelea kuwa mali ya Sultani kwa jina hadi mwezi wa Oktoba 1963, wakati Sultani alipoyaachilia madai yake kwa Kenya iliyokuwa inakaribia uhuru. Watu wa pwani waligawanyika juu ya jambo hilo, na kumbukumbu ya mgawanyiko huo haijafutika. Mstari wa Umba, kwa upande wake, haujaondoka. Aliyeuchora hakuwauliza Wadigo, Wataita wala Wamasai, kama ambavyo hakumuuliza Sultani. Na Sultani naye, alipokuwa na nguvu, hakuwa amewauliza.